Mkebe wa Dirishani

"Mama, ule mkebe utoke," Pamela alisema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la nje, ufagio mkononi, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. "Siku moja tu. Wageni wakishaondoka utaurudisha mwenyewe."

Natalia aliendelea kupepeta mchele. "Tumsifu alisema usiguswe."

"Anayeolewa ni mimi, siyo Tumsifu."

Pamela akaketi kwenye kigoda, akaanza kulia kwa sauti ndogo, maana nyumba za mtaa wa Majengo zimebanana na majirani wana masikio. Posa yake ilikuwa inaletwa kesho yake kutoka Mbinga. Edmund, mchumba wake, alikuwa mwalimu mwenzake, mtoto wa mzee mwenye mashamba ya kahawa, na ukoo wao haukuwa wa kuchezea.

"Shangazi yake Edmund ataingia humu jikoni," Pamela alisema. "Atasema anakuja kusaidia kupakua, kumbe anakuja kutazama. Akiuliza mkebe wa nini utamjibu nini? Kwamba kaka yangu ni teja?"

Mkebe wenyewe ulikuwa wa maziwa ya unga, umebanduliwa karatasi. Ulikaa kwenye dirisha dogo la jiko, upande wa uani, mahali ambapo mtu aliyesimama nje angeingiza mkono akaufikia bila kupita mlangoni. Ndani yake mlikuwa na mabomba mapya ya sindano, vipamba vya spiriti na vichupa vya maji safi. Chini ya dirisha palikuwa na galoni la kutupia yaliyokwisha kutumika. Kila mtu wa nyumba ile aliujua mkebe huo na hakuna aliyeutaja kwa kazi yake. Gaspari, mume wa Natalia, aliuita "hiyo aibu yako."

Aliyeuleta ni Tumsifu, msichana wa Moshi aliyesomea mambo ya akili za watu, mfanyakazi wa mradi wa kuwasaidia watumiaji wa unga, uliokuwa umepanga vyumba viwili nyuma ya soko. Siku ya kwanza alikaa na Natalia papo hapo jikoni, akakataa kiti cha sebuleni.

"Mama, mwanao Sixbert anajua," alimwambia. "Nimemuuliza kuhusu virusi, kuhusu homa ya ini, kuhusu kuchangia sindano, amenijibu kama daktari. Hiyo ilikuwa asubuhi, ametulia. Nikamuuliza tena arosto imemshika, ile hali ya mwili kudai unga. Nilikuta mtu mwingine kabisa. Yule wa asubuhi anajua. Yule wa arosto hana anachojua, ana njia tu ambayo miguu yake imeizoea. Huyo humfundishi kwa maneno. Unamtengenezea njia."

Wakamtengenezea. Sixbert ndiye aliyechagua dirisha, kwa kuwa tangu utoto mkono wake ulikuwa unapita pale kuiba kiporo. Sentensi ya kujikumbusha aliitunga mwenyewe kwa kinywa chake, maana arosto yake ilianza kwa miayo: "Nikianza kupiga miayo, kwanza dirishani." Kisha Tumsifu akawa anamchukua akiwa mzima, wanatoka naye kwenye ghala bovu ambako yeye na rafiki yake Daimu na wenzao walikuwa wanajidungia, wanakata uchochoroni, wanaingia uani, mkono dirishani. Wakirudi, wanaanza upya. Mtu mzima aliyekuwa utingo wa malori akifundishwa njia ya kwenda kwao. Majirani walitoka na vigoda kuangalia na kucheka.

Kazi ya Natalia ilikuwa kunyamaza. "Ukimsema akiwa pale dirishani," Tumsifu alimwonya, "mkono utajifunza kuogopa. Na usiuhamishe mkebe hata kidogo. Akikosa mara moja, tumekwisha."

Njia ile ikashika. Mwezi baada ya mwezi Sixbert alipimwa damu akatoka salama, wakati wawili wa kundi lake walikwisha kupatikana na virusi. Tumsifu akawa anamtaja kama mfano. Mikebe ikawekwa na kwenye nyumba nyingine, Lizaboni na kwingineko, huku akimtafutia Sixbert nafasi ya methadoni, dawa ya kuachia unga, katika mji mwingine. "Mpaka nafasi itoke," alisema, "shabaha yetu ni moja. Aende huko akiwa hana ugonjwa wa kudumu."

Natalia aliyakumbuka haya yote huku mchele ukiruka kwenye ungo. Kisha akamtazama binti yake, ambaye hajawahi kumpa aibu hata ya siku moja.

"Futa machozi," alisema. "Nitautoa."

*

Jumamosi asubuhi aliufunika mkebe kwa kanga, akaupeleka chumbani, akaufungia kwenye sanduku lake la nguo. Dirishani akapanga kopo la chumvi na kiberiti.

Sixbert alikuwa uani, ameketi kwenye jiwe la kufulia, amekwisha kujidunga dozi yake ya asubuhi, ametulia. Gaspari akatoka amevaa koti lake la suti, lile alilopewa siku alipostaafu ukarani wa maghala ya tumbaku.

"Shikamoo baba."

Gaspari hakuitikia. Aliweka noti kwenye jiwe, mbali kidogo na mkono wa mwanawe, kama mtu anayemwekea mbwa chakula. "Usionekane hapa mpaka jua lizame."

Akarudi ndani. Natalia akainama karibu na mwanawe. "Vitu vyako nimeviweka chumbani, kwenye sanduku langu. Chukua kabisa sasa hivi, uende navyo."

Sixbert alizikunja noti. "Nikienda navyo polisi wakinikuta navyo mfukoni? Sitaki leo tuwape watu sinema. Nitarudi jioni." Akamtazama mama yake akatabasamu, tabasamu lake la zamani. "Sandukuni. Nimesikia, mama. Mpeni dada hongera zangu."

Natalia aliridhika. Mtu aliyesema maneno yale alikuwa yule wa asubuhi, na yule wa asubuhi alikuwa anajua kila kitu.

*

Wageni walifika adhuhuri. Mzee Kajetani, baba yake Edmund, aliingia na fimbo yake, mshenga nyuma yake, kisha wazee wengine, na mwishoni shangazi, mama mmoja mnene mwenye sauti nzito aitwaye Adela. Hakukaa sebuleni hata soda ikafunguliwa. Alijifunga kanga kiunoni, akaulizia jiko.

Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomtesa Natalia. Alisifu pilau, akasifu usafi wa sufuria, akashika upawa akaanza kupakua bila kuombwa.

"Na wewe tukuiteje, dada? Mama nani?"

Mtaa mzima ulimwita Mama Sixbert. Gaspari alikuwa amezunguka nyumba za jirani siku mbili kabla, kuwaomba watu wasilitaje jina hilo kwa siku moja.

"Mama Pamela," Natalia alijibu.

"Kumbe Pamela ndiye mtoto wa kwanza!"

"Ndiye."

"Mungu amekupendelea. Wa kwanza akinyooka, nyumba imenyooka."

Natalia alikuwa anapanga sahani mkono ulipoingia dirishani. Ulikuwa mkono mwembamba, wenye mabaka meusi kwenye mishipa, umejaa vipele vya baridi ingawa jua lilikuwa kali. Haukusita. Ulikwenda moja kwa moja mahali pa mkebe, ukakamata kopo la chumvi, ukaliachia. Ukapapasa kushoto, ukaangusha kiberiti. Ukapapasa kulia. Ukarudi palepale pa kwanza, kama kwamba mkebe ungeweza kuwa umejirudisha wenyewe.

Adela aliangusha upawa. "Yesu na Maria! Mwizi!"

"Siyo mwizi," Natalia alisema, na alikuwa amekwisha kutoka nje.

Sixbert alikuwa amejikunja ukutani, makamasi na machozi yanamtoka pamoja, shati limelowa jasho. Alipiga mwayo uliotaka kumpasua taya.

"Mama, mkebe."

"Nilikuambia," alimnong'oneza. "Sandukuni. Nilikuambia asubuhi!"

Alimtazama kana kwamba amesema naye Kizungu. "Mkebe, mama. Haupo."

Sanduku lilikuwa karibu. Ni kuvuka ua, kupita sebuleni mbele ya magoti ya Mzee Kajetani, kuingia chumbani, kufungua, kuficha vitu viwili ndani ya kanga na kutoka. Mama wa nyumba anapita sebuleni kwake mara ngapi siku ya wageni? Hakuna ambaye angeinua uso. Natalia aliliona hilo waziwazi. Lakini nyuma yake kivuli cha Adela kilikuwa kimekwisha kujaa mlangoni.

"Ni nani huyu?"

"Kibarua," Natalia alisema. "Anatufyekea nyasi."

"Mbona yuko hivyo?"

"Malaria."

Sixbert alimwangalia mama yake. Maumivu yalikuwa yamemkunja tumbo, lakini neno lile lilimfikia. Alijipangusa pua kwa mkono wa shati, akajinyoosha kadiri alivyoweza.

"Shikamoo mama," alimwambia Adela.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Umekunywa dawa?"

"Nitakunywa." Kisha akamgeukia Natalia. "Mama Pamela, nitarudi kesho kumalizia kazi."

Hakuna aliyekuwa amemfundisha jina hilo. Alikuwa amelisikia dirishani.

"Ngoja kwanza," Adela alisema. Akaingia jikoni, akarudi na pilau na paja la kuku kwenye kisahani cha kufunikia. "Mtu mgonjwa hafukuzwi hivihivi kwenye nyumba yenye furaha. Shika, baba. Ukamwombee bibi harusi wetu."

Sixbert alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtoto aliyelelewa vizuri, akashukuru. Akatoka kwa uchochoro uleule aliojia. Natalia alisikia akitapika nyuma ya choo cha jirani, na wakati huohuo sebuleni vigelegele vikapigwa. Posa ilikuwa imepokelewa.

"Una roho nzuri," Adela alimwambia huku akiokota upawa. "Wengine vibarua wao wanawafukuza kama kuku."

*

Jumatatu asubuhi Tumsifu alipiga simu. Gaspari alikuwa mezani anakunywa chai, redio imewashwa. Aliposikia ni nani, alipunguza sauti ya redio.

"Mama Sixbert, shikamoo. Sixbert hajaonekana kwetu tangu Ijumaa. Hapo nyumbani yupo?"

"Hajarudi."

"Kuna wenzake wamefika hapa. Wanasema Jumamosi mchana walichangia bomba moja pale ghalani, bomba la Daimu, na wanasema naye alikuwepo. Mimi siamini. Mkebe ulikuwa mahali pake?"

Gaspari aliinua macho. Akatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia. Mshenga wa Mbinga alikuwa bado mjini, amelala kwa ndugu yake mtaa wa pili, wakisubiriana kwa ajili ya barua ya mahari.

"Ulikuwepo," Natalia alisema.

"Sikulaumu, mama, naomba unielewe. Nauliza kwa sababu Daimu ni mgonjwa. Kama Sixbert alikosa bomba akatumia lile, ninatoka sasa hivi na gari kumtafuta mtaa kwa mtaa. Kuna dawa za kumkinga, tena zipo, ila lazima azianze kabla siku tatu hazijapita. Leo tungali ndani ya muda."

Natalia aliliona lile gari, na maandishi yake makubwa ubavuni ambayo kila mtu Songea aliyajua ni ya nani. Aliliona likisimama kila kona ya Majengo, dereva akitaja jina la Sixbert, mwana wa Gaspari, na mshenga amesimama kibarazani anapiga mswaki, anasikiliza.

"Mkebe ulikuwepo," alisema tena. "Nilimwona mwenyewe akichukua."

Upande wa pili alisikika mtu akishusha pumzi. "Ashukuriwe Mungu. Basi hao wenzake wamechanganya. Akirudi mwambie apite."

Natalia aliweka simu mezani. Gaspari aliongeza tena sauti ya redio, akamsogezea bakuli la sukari. Miaka mingi hajawahi kumsogezea kitu.

*

Sixbert alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, mdomo umepasuka. Hakutaja Jumamosi. Natalia naye hakutaja. Mkebe ulikuwa umerudi dirishani tangu usiku wa posa, na mkono wake ukaanza tena kuja kama kawaida, ila sasa kabla ya kuchukua ulikuwa unagonga ubao mara moja, kama mgeni anayebisha hodi.

Wakati wa kupima damu ulipofika, alimwomba mama yake amsindikize. Walikaa kwenye kile chumba cha nyuma ya soko, Tumsifu akafunga mlango na dirisha, ndipo akawaambia. Alisema taratibu. Alisema dawa za kufubaza virusi zipo, bure, na akizimeza bila kuruka ataishi maisha marefu. Sixbert alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa stendi.

"Nataka nielewe jambo moja," Tumsifu alisema mwishoni. Alikuwa amevua miwani na macho yake yalikuwa mekundu. "Ile Jumamosi. Mama yako alikuona ukichukua mabomba dirishani. Njia uliifuata yote, kama tulivyofanya mazoezi. Halafu bado ukatumia la Daimu. Ilikuwaje?"

Sixbert hakugeuka upande wa mama yake. Alitazama mikono yake.

"Nilichukua," alisema. "Nikayapoteza njiani."

"Ungerudi."

"Uvivu tu, dada. Uzembe wangu."

Natalia alifungua mdomo. Sixbert akamkanyaga mguu chini ya meza, siyo kwa nguvu.

"Basi nimekosea mimi," Tumsifu alisema. "Nilidhani mkebe wa nyumbani unatosha."

Njiani, walipokuwa wanavuka kwenye mafundi baiskeli, Natalia alijaribu. "Sixbert, mwanangu—"

"Harusi ni lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Haya," akasema, na akatangulia mbele.

Jioni ile Gaspari aliweka mezani sahani ya plastiki nyekundu na kikombe chake, vipya, vya kununua siku hiyohiyo. Pamela, anayewafundisha watoto wa darasa la sita kwamba virusi haviambukizi kwa sahani wala kikombe, alipakua ugali akauweka kwenye ile nyekundu, akaisogeza kwa kidole. Sixbert alikula akamaliza. Akaiosha mwenyewe, akaiweka juani mbali na vyombo vingine, asimpe mtu taabu ya kumwambia.

*

Kabla ya Pasaka mradi ukawaita wazazi wote warudishe mikebe. Wakubwa walikuwa wameamua. Kama yule aliyefundishwa vizuri kuliko wote alichukua kwao na bado akachangia, hakukuwa na sababu ya kuendelea kuweka sindano kwenye nyumba za watu na kuwaletea maneno ya majirani.

Natalia alipofika, kwenye benchi la nje walikuwepo kina mama wengine, kila mmoja na mfuko wake mapajani. Alikaa karibu na Sabra wa Lizaboni, mjane aliyekuwa anasuka mikeka, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa kwenye kundi moja na Sixbert. Sabra alikuwa ameushika mkebe wake wazi, hakuuficha.

"Mama Sixbert, pole kwa yaliyokukuta," alisema. "Nikuulize kitu, usikasirike. Hivi ni kweli wako aliuchukua halafu akaenda kuchangia?"

Natalia aliukunja mdomo wa mfuko wake.

"Maana wa kwangu, wallahi, hajawahi kuupita. Hata siku niliyomsusia chakula alikuja akachukua. Nashindwa kuelewa. Nikiurudisha huu leo, kesho atapapasa nini?"

Mlango ulifunguliwa. "Mama Sixbert, karibu," Tumsifu aliita.

Natalia aliinuka, akaingia. Tumsifu alinyoosha mkono kufunga mlango, Natalia akauzuia kwa bega.

"Uache wazi," alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Jumamosi ile mkebe haukuwepo. Niliutoa mimi kwa ajili ya wageni. Alikuja, akapapasa, akakosa. Nikamwambia shangazi wa watu kwamba ni kibarua. Akaondoka na sahani ya pilau."

Benchini maongezi yalikatika.

Tumsifu alikaa chini. Kwa muda alikuwa anakunjakunja uso kama mtu anayepanga vitu kichwani, hiki kabla ya kile.

"Nilikupigia Jumatatu," alisema.

"Ulinipigia."

"Nilikuambia tungali ndani ya muda. Funguo za gari nilikuwa nazo mkononi, mama. Nilikuwa nimesimama hapo hapo ulipo."

"Najua."

"Na Sixbert akakaa hapa akaniambia ni uzembe."

Natalia alitaka kusema mwanawe alikuwa anamfichia yeye, lakini Tumsifu alikuwa amekwisha kuchukua simu, anampigia mtu, anamwambia mikebe isichukuliwe kwanza, isubiri, kuna jambo. Aliongea amempa mgongo. Alipomaliza hakugeuka.

"Naomba ukae nje, mama," alisema. Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, wala kitu kingine chochote.

Natalia alitoka. Kina mama wote walikuwa wanatazama chini. Habari hii ingefika Majengo kabla yake, na Mbinga kabla ya Jumapili. Aliliona hilo bila kushtuka. Alitazama pale alipokuwa amekaa. Sabra alikuwa ameukumbatia mkebe wake kifuani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa amesogeza mkoba wake, akauweka kwenye ile nafasi.

Natalia alibaki amesimama.